Daktari wa Wiki Sita

Ipo nchi moja, jina lake tuliache kwa sababu yenyewe hupenda kutajwa pamoja na sifa zake zote na karatasi haitatosha, ambayo viongozi wake hawajawahi kukosea. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyompata Bwana Habakuki Mtengwa yalitokana na kosa la mtu. Kila mmoja alifanya kazi yake, tena kwa bidii.

Bwana Mtengwa alikuwa Afisa Ulinganisho Daraja la Pili katika Idara ya Kazi na Masomo. Kila mwaka aliandaa kitabu kidogo chenye jalada la kijani, Mwongozo wa Kazi na Elimu Yake, kilichogawiwa bure kwa wanafunzi wote waliomaliza kidato cha nne, wapate kujua kazi zilizopo nchini na masomo yanayohitajika kwa kila moja. Kwa miaka kumi na tisa kitabu hicho hakikumsumbua mtu. Ziliorodheshwa kazi, kuanzia urubani hadi uchinjaji, na mbele ya kila kazi yaliandikwa maneno yaleyale: elimu ya kutosha.

Mwaka huo Mkuu wa Nchi alisema katika hotuba kwamba anapenda takwimu. Hakusema takwimu za nini. Kesho yake kila idara ikaanza kuhesabu chochote kilichokuwa karibu. Idara ya Misitu ilihesabu viti vyake. Bi. Faraja Kwilasa, mkurugenzi wa Bwana Mtengwa, alimwita ofisini kwake.

"Mwongozo wa mwaka huu uwe na namba," alimwambia.

"Namba za nini, mama?"

"Za elimu. Nenda kawaulize wenye kazi zao wamesoma miaka mingapi. Wanachokuambia, andika."

Sasa Bwana Mtengwa alikuwa mtu ambaye ukimwambia andika unachoambiwa, anaandika unachoambiwa. Alichukua daftari lake akaenda kwanza Hospitali Kuu, kwa Daktari Bandawe, bingwa wa upasuaji ambaye vidole vyake vilisifiwa mpaka nchi jirani. Daktari alikuwa ananawa mikono. Alihesabu huku maji yakimtiririka viwikoni.

"Saba ya msingi. Minne, halafu miwili. Mitano ya chuo kikuu. Mmoja wa mazoezi. Minne ya ubingwa."

"Jumla, daktari?"

"Sijawahi kujumlisha. Niliogopa ningekata tamaa katikati."

Bwana Mtengwa alimjumlishia: ishirini na mitatu.

Kisha akaenda kwa Mheshimiwa Njechele, Waziri wa Maandalizi ya Wataalamu, akakalishwa kwenye kochi lililozama mpaka magoti yakawa usawa wa kidevu.

"Mheshimiwa, kazi ya uwaziri inahitaji elimu ya kiwango gani?"

"Kwanza uwe mbunge," alisema Waziri. "Na ubunge sheria iko wazi. Kujua kusoma na kuandika."

"Na Mheshimiwa mwenyewe alisoma miaka mingapi?"

"Mimi," alisema Waziri kwa fahari, "nilipita bila kupingwa."

Bwana Mtengwa akaandika hivyo.

Mwongozo ulipokwenda kiwandani kupigwa chapa hakuna aliyeusoma, maana ulikuwa na kurasa themanini, lakini picha ya Waziri kwenye ukurasa wa kwanza ilikaguliwa na watu sita. Ukatoka, ukagawiwa. Na wanafunzi, ambao walimu wao walikuwa wamelalamika miaka yote kwamba hawajui hesabu, wakakaa chini wakapiga hesabu.

Bwana Mtengwa alikuwa na binti mmoja, Tumsifu, aliyekuwa miongoni mwao. Waliishi wawili tu, kwa kuwa mama yake Tumsifu alikuwa mwalimu katika mkoa wa mbali na ombi lake la uhamisho lilikuwa linashughulikiwa kwa mwaka wa kumi na moja. Siku ya kujaza fomu, Tumsifu alikuja na Mwongozo mezani wakati baba yake anakunywa chai.

"Baba, darasa zima wamejaza uwaziri."

"Wote?"

"Isipokuwa Neema. Yeye amejaza mke wa waziri, lakini mwalimu kamwambia haimo kwenye orodha." Alifungua ukurasa wa udaktari. "Wewe ndiye uliyeandika. Ungekuwa mimi ungechagua ipi?"

Bwana Mtengwa aliiweka chini bilauri ya chai. Alijua jibu ambalo mzazi mwenye akili angetoa, tena lilikuwa limepigwa chapa mbele yake na mhuri wa serikali. Lakini alimjua mtoto wake. Huyu alikuwa msichana ambaye kuku wa sikukuu alimchukua saa nzima kumwandaa, kwa sababu alimpasua kwa utaratibu na kukipanga kila kiungo kwenye sahani, akikitaja jina.

"Ni miaka mingi, mwanangu," alisema.

"Nimeona. Nitakuwa na miaka ishirini na tisa, kama chuo hakitafungwa katikati."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini nikiwa waziri nitakuwa nafanya nini siku nzima?"

Baba hakujua, kwa kuwa hilo hakuwa ameliuliza. Tumsifu akajaza udaktari.

Fomu zilipokusanywa nchi nzima, wanafunzi sitini na mbili elfu walikuwa wamechagua kazi. Hamsini na moja elfu waliomba uwaziri. Karibu wote waliobaki waliomba ubunge, kwa unyenyekevu, wakiahidi kupanda baadaye. Walioomba ualimu wa hesabu walikuwa wawili, na walikuwa mapacha. Walioomba udaktari walikuwa kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamekosea mstari.

Serikali ikashtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Kikao cha dharura kikaitwa, na Bwana Mtengwa akaamriwa kuhudhuria, akawekewa kiti karibu na mlango. Alikuwa ameandaa ukurasa mmoja wa mapendekezo. Katika ukurasa huo alisema, kwa lugha laini kuliko zote alizozijua, kwamba pengine mawaziri nao wangewekewa miaka kadhaa ya masomo, hata miwili, ili mizani ikae sawa. Bi. Kwilasa aliusoma ukurasa ule, akaukunja mara nne, akauweka chini ya glasi yake ya maji.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa Njechele, "vijana wetu wametufundisha jambo. Shida si kwamba uwaziri ni mfupi. Shida ni kwamba udaktari ni mrefu. Miaka ishirini na mitatu mtu anasoma nini? Mwili wenyewe una mita moja na nusu."

Wajumbe wakapiga meza. Kabla ya chakula cha mchana udaktari ulikuwa umeshushwa hadi wiki sita. Uhandisi ukawa siku kumi, pamoja na safari moja ya kwenda kuona daraja. Ualimu ukapewa Jumamosi na Jumapili. Sera ile iliitwa Masomo Mepesi kwa Taifa Lenye Haraka.

Bwana Mtengwa alinyosha mkono. Hakujua aliunyosha kwa nini, ulinyoka tu.

"Mheshimiwa, na wagonjwa?"

"Wagonjwa watahamasishwa," alisema Waziri.

Walibaki wale waliokwisha kusoma miaka ishirini na mitatu. Ilionekana kwamba kuwaacha kazini kungewavunja moyo vijana wa wiki sita, wangejiona wamepunjwa. Wakaandikiwa barua kwamba wana Elimu Iliyozidi, wakapangiwa kazi nyingine palepale walipokuwa ili wasipate usumbufu wa kuhama. Daktari Bandawe alipewa sare ya bluu, rungu na daftari la wageni, akawa mlinzi wa geti la Hospitali Kuu.

Bwana Mtengwa alirudi ofisini kuandaa toleo la pili. Kazi yake ilikuwa kufuta neno miaka na kuandika wiki, na palipokuwa na wiki kuandika siku. Aliifanya kwa muda wa siku tatu. Kila alipofika kwenye ukurasa wa udaktari aliuruka, akaendelea mbele, mpaka ukawa ndio pekee uliobaki.

Tumsifu akaenda chuoni. Mwishoni mwa wiki ya nne alirudi nyumbani kusalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Masomo vipi?"

Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti lake jeupe. "Wiki ya kwanza tulipimwa sare. Ya pili tulisoma historia ya sera. Ya tatu ilikuwa mwandiko, maana mkuu wa chuo alisikia kwamba daktari hujulikana kwa mwandiko mbaya, tukafundishwa kuharibu. Wiki hii ndiyo tumeanza mwili."

"Mmefika wapi?"

"Kiunoni. Ile mifupa ya kufundishia, nusu ya chini iko kwenye tawi jingine la chuo." Alitazama mikono yake. "Wiki ijayo tunashika kisu. Ya mwisho ni mazoezi ya mahafali."

"Huwezi kuomba uongezewe muda?"

"Niliomba. Waliniambia anayeomba muda ni mzito wa kuelewa."

Bwana Mtengwa alitaka kumwambia aache, arudi nyumbani. Lakini arudi afanye nini? Kila kazi nyingine alikuwa ameshaifupisha kwa mkono wake mwenyewe. Akamtengea chakula, wakala.

Tumsifu alihitimu akiwa wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza alipangiwa Hospitali Kuu kuwa Mkuu wa Upasuaji, akikalia kiti kilekile cha Daktari Bandawe. Aliogopa sana, akatafuta njia. Kwa wiki tatu kila aliyeletwa kupasuliwa alimwambia arudi wiki ijayo, na wengine, Mungu awabariki, walipata nafuu wenyewe. Kuhusu waliobaki, hakutaka kumwambia baba yake, na baba yake hakuuliza.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, toleo la pili la Mwongozo lilifika ofisini kutoka kiwandani. Yalikuwa makasha arobaini, na hakukuwa na mtu wa kuyapakua, kwa sababu mhudumu wa idara alikuwa amesoma siku mbili na kuwa mkurugenzi wa idara nyingine. Bwana Mtengwa aliyabeba mwenyewe. Kwenye kasha la thelathini na moja alisikia kitu kinaachia upande wa kulia wa kinena, kama kifungo cha suruali, ila si kifungo. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa anatembea amejikunja. Saa tano akaanza kutapika. Dereva wa lori akamshusha kwenye geti la Hospitali Kuu.

Daktari Bandawe alimwona akiwa bado mbali. Alikuwa na mgeni mwingine mbele yake, akimkagua mkoba na papo hapo akimwangalia macho yake ya manjano, jambo ambalo alikwisha kupewa onyo la maandishi kwa ajili yake. Akauacha mkoba.

"Simama hapo hapo," alimwambia Bwana Mtengwa. Akabonyeza mara moja tu, juu ya suruali. "Ngiri, na imebanwa. Hii ni ya leo. Kesho utumbo utakuwa umeoza."

"Nani atanipasua?"

Daktari Bandawe alimwandika jina kwenye daftari la wageni kabla ya kujibu.

"Aliyepo ni binti yako," alisema.

Walimlaza kwenye meza ya upasuaji. Muuguzi mkongwe, Sista Agripina, ambaye alikuwa amesomea mambo ya ganzi miaka miwili na barua yake ya Elimu Iliyozidi ilikuwa bado njiani, alimchoma sindano mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini Bwana Mtengwa hakujisikia tena. Juu alikuwa mzima, macho yako wazi, na masikio yanasikia kila kitu. Kitambaa cha kijani kilitundikwa mbele ya kifua chake asione. Tumsifu akaja akasimama karibu na kichwa chake.

"Baba, iko chini ya kiuno," alisema taratibu.

"Najua, mwanangu."

"Sijui pa kuanzia."

 Miaka kumi na tisa Bwana Mtengwa alikuwa ameiambia nchi nzima elimu ya kutosha, na leo hakuweza hata kusema ni ipi. Akamwona binti yake anageuka, anatoka nje akiwa na glavu mkononi. Kupitia dirishani akamwona anakimbia kwenda getini.

Alirudi na mlinzi. Lakini kwenye mlango wa chumba cha upasuaji palikuwa na mstari mwekundu, na amri ilisema mwenye Elimu Iliyozidi akiuvuka, daktari aliyemruhusu atafungwa pamoja naye. Daktari Bandawe alisimama nyuma ya mstari, vidole vya viatu vyake vikiugusa, kofia ya ulinzi imekaa kichwani. Kutoka pale aliona mgongo wa Tumsifu tu.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Mwangalie mgonjwa. Kishike kisu kama unavyoshika kalamu."

"Kalamu naijua," alisema Tumsifu.

"Basi. Anzia juu kidogo ya mkunjo wa paja, urefu wa kidole chako cha kati. Ngozi tu. Usiharakishe."

Bwana Mtengwa alisikia chombo kinawekwa kwenye sahani. Alisikia pumzi ya binti yake nyuma ya barakoa.

"Unaona nini?"

"Mafuta. Halafu kitu cheupe, kinang'aa."

"Hicho ndicho. Kipasue kwa kufuata nyuzi zake, usizikate. Sista, mshikie pande mbili."

Wakaendelea hivyo. Sauti ya mlangoni haikupanda wala kushuka. Iliuliza, ikangoja, ikaeleza. Mara moja mkono wa Tumsifu ukasimama.

"Nimeuona utumbo," alisema mwishowe. "Ni wa zambarau. Uko karibu na weusi."

 Bwana Mtengwa aligeuzia kichwa mlangoni, akaona mguu mmoja wa mlinzi unainuka kutoka sakafuni, unaning'inia juu ya mstari mwekundu, kisha unarudi ulipokuwa.

"Ipo pete inayoubana," ilisema sauti. "Ingiza kidole kati ya pete na utumbo, ukate juu ya kidole chako mwenyewe. Ukikosea ujikate wewe, si yeye. Umekata? Sasa uufunike kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Hesabu dakika tano. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kujifunza."

Tumsifu alihesabu kwa sauti. Bwana Mtengwa akahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Dakika ya tano akasikia kitambaa kinafunuliwa.

"Umeanza kuwa mwekundu," alisema Tumsifu.

"Mshukuru Mungu. Urudishe ndani pole pole, tushone."

Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Na ndani ya muda huo, kwa bahati ambayo nchi ile huwa nayo daima, msafara wa Mheshimiwa Njechele ulifika Hospitali Kuu kwa ukaguzi, ukakuta geti limefungwa na hakuna mlinzi. Waziri alikaa juani dakika ishirini, ving'ora vinalia, hadi mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta alipochechemea kuja kuwafungulia.

Waziri aliporudi kesho yake na kuingia wodini alikuwa na wapiga picha wanane. Alikwisha kuarifiwa kwamba daktari wa wiki sita amempasua baba yake mzazi na baba yu hai. Akakishika kitanda cha Bwana Mtengwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaunyosha kwa Tumsifu.

"Daktari, waeleze wananchi. Katika wiki zile sita za masomo, ni ipi hasa iliyokusaidia jana?"

Tumsifu hakuwa amelala. Alimtazama baba yake, kisha akasema ukweli, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Hakuna, Mheshimiwa. Hata moja."

 Waziri akafikiri, na uso wake ukachanua taratibu.

"Mmesikia," aliwaambia wapiga picha. "Hata moja. Zote sita zilikuwa za ziada."

"Mheshimiwa, nilikuwa naelekezwa na Daktari Bandawe, yule mlinzi wa getini. Bila yeye baba angekufa."

"Na walinzi sasa wanaelekeza upasuaji," alisema Waziri. "Elimu imefika mpaka getini. Sera imepita matarajio." Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Ndiye yule aliyeacha lindo? Aachishwe kazi leo."

Alipotoka, Bi. Kwilasa, aliyekuwa amekuja na msafara, alibaki nyuma na bahasha. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa toleo la tatu la Mwongozo: daktari wa upasuaji, siku nne. Mwandaaji alitakiwa kuweka sahihi.

"Mama, mkono hauna nguvu," alisema Bwana Mtengwa, na haikuwa kweli. Ulikuwa ndio ukaidi wa kwanza katika utumishi wake wote.

"Usijali, ndugu yangu. Pumzika." Bi. Kwilasa alitoa kidau cha wino mkobani, akakichukua kidole gumba cha Bwana Mtengwa kwa upole, kama anamsaidia mgonjwa kunywa uji, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Akamfuta kidole kwa leso yake mwenyewe, akamtakia afya njema.

Mchana Daktari Bandawe alipita kuaga. Alikuwa na shati lake la nyumbani. Sare alikwisha kuirudisha stoo. Aliinama akakitazama kidonda bila kukigusa, akahesabu nyuzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeshona vizuri," alimwambia Tumsifu. "Asinyanyue kitu kizito miezi mitatu."

"Utakwenda wapi, daktari?"

"Kwa dada yangu, shambani. Kule hawajaanza kuhesabu." Akawapa mkono wote wawili, akaenda zake, na geti akalikuta wazi.

Tumsifu alikaa ukingoni mwa kitanda. Mfukoni alikuwa na barua aliyopewa na msaidizi wa Waziri, akaitoa. Alikuwa ameteuliwa kuwa Mkufunzi Mkuu wa Upasuaji wa taifa zima. Nje uwanja wa hospitali ulikuwa umeanza kujaa vijana wenye magodoro na ndoo, elfu nne na mia mbili, na masomo yalikuwa yanaanza Jumatatu na kwisha Alhamisi.

"Nitawafundisha nini, baba?"

Bwana Mtengwa alitaka kucheka, lakini nyuzi hazikumruhusu.

"Unachokijua," alisema. "Wafundishe ngiri."

"Najua ya upande wa kulia tu."

"Basi wafundishe ya upande wa kulia."

Tumsifu akachukua kalamu, akageuza barua upande usioandikwa kitu, akaanza kuandika alichosikia kutoka mlangoni, neno kwa neno kabla hakijamtoka kichwani. Aliandika mistari sita, kisha akainua uso.

"Na akija mwenye ya kushoto?"

Baba yake aliitazama ile mistari sita. Halafu akamwambia aandike yale aliyoyakumbuka kwanza, na asisahau zile dakika tano.